Ufunguo wa Chumba cha Kompyuta Uko kwa Nani?

Waheshimiwa wageni, walimu wangu, wazazi, na ninyi vijana wenzangu mliojaa huko nyuma hadi wengine mmesimama, hamjambo.

Nimeitwa nizungumzie namna ya kuwafikishia elimu ya teknolojia vijana wa maeneo yaliyoachwa nyuma. Kazi hii niliianza nikiwa na miaka 22, na huu ni mwaka wa nane. Nilipoanza niliamini tatizo ni kompyuta: hazipo, basi tuzipeleke. Leo nimekuja na neno moja tu, na nitalizunguka kwa njia nyingi hadi nitakaposhuka hapa jukwaani. Mnapofika kwenye shule, kabla hamjauliza ina kompyuta ngapi, ulizeni ufunguo wa chumba uko kwa nani.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa ndani ya shule ya sekondari yenye wanafunzi 600. Tulipata kompyuta 12 zilizokwisha kutumika maofisini. Tukazifungua, tukazisafisha, tukabadilisha diski zilizochoka, tukaweka mfumo endeshi wa Linux kwa sababu ni nyepesi na haidai ada ya leseni. Tukapaka chumba rangi. Siku ya ufunguzi wageni walikuja, utepe ukakatwa, picha zikapigwa, wanafunzi wakaimba. Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba nimeyagusa maisha ya watoto 600.

Miezi mitano baadaye nilipita pale bila kutoa taarifa. Mlango una kufuli. Nikachungulia dirishani nikaona kompyuta zote 12 zimefunikwa vitambaa, na juu ya vitambaa kumetanda vumbi. Nikaulizia ufunguo. Nikaambiwa uko kwa mkuu wa shule, naye yuko kikaoni.

Nilipandwa na hasira. Nikamsubiri mpaka jioni, na alipofika nikamwaga yote yaliyokuwa moyoni. Mzee yule alinisikiliza hadi nikaishiwa maneno. Kisha akafungua kabati, akatoa daftari la mali ya shule. Kompyuta 12 zimeandikwa mle, kila moja na namba yake, na chini yake sahihi ya mkono wake. Akaniambia: "Mwanangu, ikipotea moja nakatwa mimi kwenye mshahara. Ikiharibika sina fundi, sina fungu la kuitengeneza, na mkaguzi akija ataikuta imefia mikononi mwangu. Ikikaa chini ya kitambaa inabaki nzima. Sasa niambie, ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Sikuwa na jibu, na usiku ule sikulala. Mkuu yule hakuwa mzembe hata kidogo. Alikuwa mtu mwaminifu aliyekabidhiwa mali pamoja na adhabu ya kuipoteza, asikabidhiwe njia yoyote ya kuitunza huku inatumika. Kufuli lile tulilitia sisi, siku ileile tuliyokata utepe.

Tangu hapo nikaanza kusoma habari za waliotutangulia, nikakuta kufuli letu lina ndugu zake duniani kote. Nitawasimulia habari tatu, kwa sababu kila moja ilinifundisha kitu ambacho nilikuwa nimekilipia bila kukielewa.

Ya kwanza ni ya jiji la Vadodara, huko India. Mwaka 2000 serikali ya jimbo la Gujarat ilipeleka kompyuta nne katika kila shule kati ya shule 100 za msingi za jiji hilo. Miaka miwili baadaye shirika la Pratham likafanya uchunguzi, likakuta ni shule chache mno zinazozitumia. Mashine zilikuwepo, watoto walikuwepo. Pratham hawakununua mashine nyingine. Walitafuta vijana wa maeneo yaleyale, wakawapa mafunzo ya siku tano, wakawaweka vyumbani. Mtoto wa darasa la nne akawa anapata saa mbili kwa wiki, wawili kwenye kompyuta moja, wakicheza michezo ya hesabu inayopanda ugumu kadiri wanavyopatia: saa moja ndani ya muda wa masomo, saa nyingine kabla au baada ya masomo. Watafiti wakiongozwa na Abhijit Banerjee na Esther Duflo walipima, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Alama za hesabu zilipanda kwa kiasi kikubwa, na mwaka wa pili zikapanda zaidi ya mwaka wa kwanza.

Naomba mniwie radhi nikikaa kidogo hapo. Saa mbili kwa wiki. Watoto wawili, kibodi moja. Mkufunzi aliyefunzwa kwa siku tano. Hakuna kitu katika orodha hiyo ambacho sisi tuliomo humu hatukiwezi. Na kuna kipande cha pili cha utafiti ule ambacho watu hupenda kukiruka: mwaka mmoja baada ya mpango kusimama, sehemu kubwa ya yale mafanikio ilikuwa imeyeyuka. Saa zilipokatika, faida ikaanza kukatika nazo. Kwa hiyo anayetuambia atatufadhili mwaka mmoja "ili tuanzishe", tumshukuru kwa dhati, halafu tumuulize mwaka wa pili mlango utafunguliwa na nani.

Habari ya pili ni ya kompyuta ya kijani na nyeupe ambayo wengi wenu mmeiona pichani. Mwaka 2005, kwenye mkutano mkuu wa dunia wa jamii habari uliofanyika Tunis, Nicholas Negroponte, mwanzilishi wa mradi wa One Laptop per Child, yaani kompyuta moja kwa kila mtoto, alisimama na Kofi Annan akaionyesha dunia kompyuta ndogo iliyokusudiwa kumfikia kila mtoto maskini. Ndoto ile ilikuwa nzuri, na mimi siwezi kumcheka mtu aliyeota ndoto kubwa kuliko yangu. Peru waliipokea kuliko nchi nyingine yoyote, wakanunua mamia ya maelfu. Mwaka 2012 watafiti wa Benki ya Maendeleo ya Amerika walitoa matokeo kutoka shule 319 za vijijini: katika hesabu na lugha, watoto waliopewa kompyuta hawakuwazidi wale ambao hawakupewa. Baadhi ya vipimo vya kufikiri kwa jumla vilionyesha nafuu kiasi, lakini masomo yenyewe hayakusogea. Walimu walikuwa wamepata mafunzo machache, na shule nyingi hazikuwa na intaneti. Mtoto alikuwa na mashine mkononi, ila hakuwa na mtu wa kumwambia, njoo tufanye hiki kwanza, kisha kile.

Ya tatu ni kinyume cha kufuli. Mwaka 1999, katika mtaa wa Kalkaji mjini New Delhi, mtafiti Sugata Mitra alitoboa ukuta uliotenganisha ofisi na makazi ya watu maskini, akaweka kompyuta kwenye tundu, akawaachia watoto. Hakukuwa na mlango, wala ufunguo, wala mwalimu. Watoto wakajifunza wenyewe kusogeza mshale, kufungua madirisha, kuingia kwenye mtandao, na mkubwa akamfundisha mdogo. Nilipoisoma mara ya kwanza nilitokwa na machozi, na hadi leo naiheshimu, maana ilithibitisha kwamba mtoto maskini haogopi mashine. Tunaoogopa ni sisi tunaomlindia. Lakini mtafiti mwingine, Mark Warschauer, alipokwenda kuona kwa macho yake alieleza kwamba muda mwingi uliishia kwenye michezo na kuchora picha, na kwamba programu za kujifunzia kwa Kihindi hazikuwepo.

Kwa hiyo chumba kilichofungwa hakifundishi, na ukuta uliotobolewa unafundisha mpaka mahali fulani halafu unaishia hapo. Katikati ya hivyo viwili yupo mtu. Mtu mwenye ufunguo mkononi na somo la leo kichwani. Sisi tunaojiita wajasiriamali wa elimu ya teknolojia kazi yetu ni kumtafuta mtu huyo, kumfunza, kumlipa, na kumlinda asije akaadhibiwa kwa kufungua mlango.

Sasa nieleze tulichobadilisha.

Nilirudi kwa mkuu yule na karatasi. Tulikubaliana kwamba kompyuta zitabaki mali ya kituo chetu kwa miaka mitatu, na shule itasaini tu kwamba zimo ndani ya jengo lake. Ikiharibika, jukumu ni letu. Ikiibiwa, upo mfuko mdogo wa hasara ambao tuliuanzisha kwa kutenga sehemu ya kila pesa inayoingia, hata ikiwa ndogo. Alisoma karatasi ile mara mbili, akavua miwani, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia sina hakika, lakini mzigo huu ni wangu, haukuwa wako. Akanipa ufunguo palepale.

Katika miaka yote hii, kwenye vituo vyote, tumeibiwa kompyuta mbili. Zilizoharibika kwa kutumika ni nyingi mno, na kila nikiiona iliyochakaa nafurahi. Kibodi iliyofutika herufi ni ushahidi.

Kisha tukafanya jambo lililowatia walimu hofu: tuliukabidhi ufunguo kwa wanafunzi. Kamati ya watu sita, wasichana watatu na wavulana watatu, zamu kwa zamu, na daftari. Daftari lile lina safu nne tu: saa ya kufungua, saa ya kufunga, walioingia, kilichoharibika. Binti wa kwanza kushika ufunguo alikuwa kidato cha pili, mtoto wa pembeni kabisa mwa darasa, asiyenyoosha mkono. Wiki ya pili aliandika kwenye safu ya nne: "Namba 7 inazima yenyewe baada ya dakika 20. Nimeishika, ni ya moto. Nadhani haipumui." Haipumui! Hakujua jina la feni wala la chochote kilichomo ndani ya mashine, lakini alikuwa ameshapata ugonjwa wake. Tulipoifungua mbele yake, vumbi lilikuwa limeziba feni yote. Leo ndiye anayewafunza mafundi wa vituo vyetu, na bado anatumia neno hilohilo anapofundisha.

Hapo ndipo tulipogeuza mpangilio wetu wa masomo. Zamani tulianza na jinsi ya kushika kipanya, kisha kuandika barua, kisha hesabu za majedwali. Sasa somo la kwanza ni bisibisi. Mwanafunzi anazima umeme, anafungua kompyuta iliyokufa, anachomoa kumbukumbu, anachomoa diski, anasafisha, anarudisha. Anapojua kwamba ndani hakuna uchawi, ni vipande vinavyoingiliana, hofu inamtoka na heshima inaingia. Na kwa upande wa kazi yetu hili si pambo. Mashine za maeneo yenye vumbi na umeme unaopanda na kushuka huugua magonjwa yaleyale: feni imeziba, kisambaza umeme kimeungua, betri imechoka, diski inasaga. Kijana aliyefunzwa wiki tatu anayatibu mengi kati ya hayo. Kama hayupo, kompyuta moja inakufa mwezi huu, nyingine mwezi ujao, na mwaka haujaisha mnarudi kwenye vitambaa.

Niwape hesabu ndogo, na naomba wafadhili waliokaa mbele waifuate nami. Chukua kompyuta 12, watoto wawili kila moja, ni watoto 24 kwa wakati mmoja. Fungua mlango saa nne kwa siku, siku sita kwa wiki. Unapata saa 576 za watoto kila wiki, yaani karibu saa nzima kwa kila mwanafunzi wa shule ile ya watu 600. Sasa chukua shule nyingine yenye kompyuta 24, mara mbili yake, lakini mlango unafunguliwa saa moja kwa siku kwa siku tano. Watoto 48 mara tano ni saa 240. Shule yenye mashine mara mbili inatoa chini ya nusu ya saa. Kwenye ripoti, hata hivyo, ya pili ndiyo itakayosifiwa, kwa sababu fomu zetu zina mahali pa kuandika idadi ya kompyuta, hazina mahali pa kuandika saa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Fomu ile imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kusimama nje ya mlango uliofungwa.

Mtaniuliza habari za intaneti. Kwa makadirio ambayo Shirika la Kimataifa la Mawasiliano lilitoa mwaka 2024, watu bilioni 2.6 walikuwa hawatumii intaneti. Mwaka 2020 shirika hilohilo pamoja na UNICEF walieleza kwamba watoto na vijana bilioni 1.3 wenye umri kati ya miaka 3 na 17, yaani theluthi mbili ya wote duniani, hawakuwa na intaneti nyumbani. Ni kweli inatisha. Lakini kungoja si mpango. Tunatumia seva ndogo, mashine isiyozidi ukubwa wa kitabu, iliyojazwa masomo, video na vitabu vya bure, nayo inasambaza vyote kwa waifai ndani ya chumba bila kugusa intaneti ya nje. Programu kama Kolibri zilitengenezwa kwa ajili ya hali hiyo hasa. Scratch, lugha ya kuandikia programu kwa vipande vya rangi iliyotoka chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, inaweza kufanya kazi bila mtandao. Mara moja kwa mwezi mtu wetu hubeba diski hadi penye intaneti, akapakua mapya, akarudi. Siku mtandao wa kudumu ukifika tutaupokea kwa mikono miwili, na utawakuta watoto wetu wamekwisha kujua wanachokitafuta.

Lugha ni jambo linaloniuma zaidi ya mtandao. Mtoto mwenye akili kali anakaa mbele ya skrini, programu yake inagoma, na ujumbe wa kosa unatokea kwa lugha ambayo anaijua kwa kukariri tu. Hasomi ujumbe. Anaufunga kwa haraka kama mtu aliyeona aibu, anaanza upya. Nimeliona hili mara nyingi mno hata naweza kulitambua nikiwa mlangoni, kwa jinsi mabega yanavyoshuka. Tukaamua kwamba kila kituo kitafundisha kwa lugha ambayo watoto hugombana nayo wakati wa mchezo. Katika kuandika programu, kigeu ni kisanduku chenye jina, unaweka kitu, unakitoa, unaweka kingine. Kitanzi ni kazi inayojirudia mpaka uambiwe basi. Sharti ni sharti, halihitaji maelezo. Kisha, mtoto akiisha kuelewa jambo lenyewe, tunampa neno la Kiingereza, kwa sababu kazini atalihitaji na hatutaki kumdanganya. Mpangilio huo ndio muhimu: maana kwanza, neno la kigeni baadaye. Na tusiseme lugha yetu haiwezi. Mwaka 2004 mradi uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Watu walikaa wakabishana kila neno la kila menyu. Hata Scratch niliyoitaja inafunguka kwa Kiswahili. Tatizo letu ni kwamba walimu wengi hawajui kwamba vitu hivi vipo.

Nizungumzie wasichana, na hapa nitasema kwa ukali kidogo. Kwa makadirio yaliyotolewa mwaka 2024, duniani kote wanaume waliokuwa wanatumia intaneti walikuwa asilimia 70 na wanawake asilimia 65, na katika nchi maskini pengo hilo ni pana zaidi. Kwenye chumba chetu nililiona kwa macho. Wavulana walitoka darasani wakikimbia, wakafika kwanza, wakakaa kwenye viti. Wasichana walifika baadaye, wakasimama nyuma wakitazama. Hakuna aliyewakataza. Mwezi mzima niliandika kwenye ripoti "wasichana wamehudhuria", na walikuwa wamehudhuria kweli, wamesimama. Tukaweka utaratibu wa wawili wawili: mmoja anaandika, mwenzake anasoma na kukosoa, na kila baada ya dakika 15 kengele inalia wanabadilishana viti. Tukatenga siku mbili ambazo ufunguo uko kwa wasichana pekee. Na tukasogeza saa za kufunga, kwa sababu mzazi mmoja alinijia akaniambia bila kuzunguka: binti yangu anapenda masomo yako, lakini gizani hatembei. Mzazi yule alinifundisha zaidi ya semina zote za jinsia nilizowahi kuhudhuria. Kama mlango unafunguliwa saa ambayo msichana hawezi kufika, kwake yeye mlango umefungwa.

Sasa nifike kwenye kosa langu kubwa, maana wapo humu vijana wanaotaka kupanua kazi zao, na sitaki walirudie.

Mwaka wa tatu tulikuwa na vituo vitatu vinavyokwenda vizuri. Mfadhili mmoja akatuona, akapendezwa, akatupa fedha za kutosha kufungua vituo vinane zaidi ndani ya mwaka mmoja. Nilikubali siku ileile. Tukanunua mashine, tukapaka rangi, tukakata utepe mara nane. Tukawa na vituo 11. Wakufunzi waliokuwa wamekomaa walikuwa wanne. Nikawachukua vijana waliomaliza mafunzo juzi, nikawapa vituo peke yao, mbali, bila mtu wa kumpigia simu mambo yakiharibika. Mwaka uliofuata sita kati ya vile vinane vilikuwa vimefungwa. Katika kimoja mkufunzi aliondoka usiku, akaacha ufunguo na barua. Aliandika kwamba amechoka kuulizwa maswali asiyoyajua mbele ya watoto. Barua ile ninayo. Kijana yule hakushindwa. Tulimtupa kwenye maji marefu tukaenda kupiga picha za kituo kingine.

Tangu mwaka ule tuna sheria moja, na imetugharimu fedha nyingi tulizozikataa. Hatufungui kituo mpaka tuwe na wakufunzi wawili waliokaa mwaka mzima kama wasaidizi katika kituo kingine. Wawili, si mmoja, ili mmoja akiugua au akikata tamaa mwenzake yupo. Maana yake tunakua kwa kasi ya watu wanavyoiva, na watu hawaivi kwa kuharakishwa. Mwaka huu tumefungua viwili tu. Najua kwenye jedwali la mfadhili haionekani vizuri.

Kuhusu fedha nitapita haraka. Vituo vyetu havitoi huduma bure kwa kila mtu. Vijana wa shule hawalipi. Jioni watu wazima wanaotaka kujifunza uhasibu wa majedwali, ubunifu wa picha au kutengeneza simu wanalipa, na biashara za jirani zinaleta kompyuta zao kwa mafundi wetu. Mapato hayo hulipa mishahara ya wakufunzi na mfuko wa hasara. Ufadhili tunautumia kuanzishia tu. Kituo ambacho mishahara yake inategemea barua pepe ya mtu aliye mbali kitafungwa siku mtu huyo atakapobadilisha kazi.

Na akili unde? Kila mahali nikialikwa naulizwa hili, tangu ChatGPT ilipotokea mwishoni mwa mwaka 2022. Wazazi huuliza kama bado kuna haja ya kumfundisha mtoto kuandika programu ikiwa mashine inaandika yenyewe. Nawajibu kwa nilichokiona. Mwanafunzi aliyekwisha kusumbuka na kitanzi chake mwenyewe, akipewa msimbo ulioandikwa na mashine, anausoma, anaona mahali palipokosewa, anaurekebisha. Ambaye hajasumbuka anaunakili wote, na ukigoma anabaki kuuomba tena na tena. Kwa hiyo zile saa za kusumbuka ndizo zenye thamani, na ndizo anazonyimwa mtoto aliye nje ya mlango. Mwenzake aliye mjini sasa ana mwalimu asiyelala ndani ya simu yake. Pengo lililokuwa la mashine linageuka kuwa pengo la kufikiri, na hilo mimi linanitisha kuliko yote niliyoyataja leo.

Vijana wenzangu, nisiwaahidi uongo. Si kila anayepita vituoni mwetu atakuwa mwandishi wa programu. Wengi wanakuwa mafundi, makarani, wakulima wanaoweka hesabu zao vizuri, wauguzi wasioogopa mfumo mpya ukiletwa kazini. Mzazi akiniuliza kama mwanawe atatajirika, namwambia sijui. Namwambia ataweza kufungua kitu kilichofungwa na kuona kinavyofanya kazi ndani. Wapo wazazi wanaoondoka wasiporidhika na jibu hilo, na nawaelewa. Wengine hukaa.

Fomu za shule zinazotaka kuwa na kituo mwaka ujao ziko kwenye meza pale karibu na mlango. Ni kurasa mbili. Hatuulizi mna kompyuta ngapi wala jengo lenu ni la ukubwa gani. Swali la kwanza ni la ufunguo, na chini yake tumeacha mistari miwili. Andikeni majina ya watu wawili, si vyeo vyao, na watu hao waje nanyi kwenye mahojiano. Atakayeandika "Ofisi ya Utawala" tutamrudishia fomu yake, tumwombe aijaze upya.

Nawashukuru sana kwa kunisikiliza. Binti niliyewasimulia yuko hapa ukumbini, amekaa upande wa kushoto, na maswali ya ufundi yajibiwe naye.